Tarehe ya tatu ilikuwa imeshaandikwa

Jumapili jioni nilimkuta Mama kalala chali sakafuni sebuleni, katandika khanga mbili, miguu kaipandisha juu ya kochi, maana ndo mkao pekee ambao mgongo unamwachia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kufungua macho, halafu akaninyooshea karatasi aliyopewa Ijumaa kule kwa daktari wa maumivu. "Hebu nisomee vizuri mama, wameniandikia lini na lini."

Ilikuwa na tarehe tatu. Ya kwanza sindano ya majaribio, ya ganzi, kujua maumivu yanatoka wapi. Ya pili, wiki mbili baadaye, sindano ya majaribio tena. Ya tatu, wiki mbili mbele, kuunguza mishipa ya fahamu ya mgongo, na saa imeshapangwa, saa mbili na nusu asubuhi, uje na mtu wa kukuendesha kurudi nyumbani.

Nikasoma mara mbili. Hata sindano ya kwanza alikuwa hajachomwa. Sasa kama jaribio ni jaribio kweli, yaani linaweza kusema ndiyo na linaweza kusema hapana, imekuwaje tarehe ya kuunguza iko tayari mpaka na dakika zake? Nikamuuliza Mama kama daktari alimweleza. Akasema daktari alikuwa na haraka ila mpole, kamshika bega, kamwambia tutakusaidia.

Niwaeleze kidogo kuhusu huo mgongo. Tunaishi Houston, Texas, na Mama kafanya kazi kwenye nyumba za wazee miaka 23. Watu nyumbani wanasema ndugu zao walioko Marekani wanabeba boksi, basi boksi la Mama lilikuwa binadamu wa kilo 90 aliyepooza, anayetakiwa kugeuzwa kitandani kila baada ya masaa 2 asipate vidonda, na usiku mko wawili kwa korido nzima na mwenzako kaitwa chumba kingine, unafanyaje, unamgeuza mwenyewe. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye huo mgongo. Kwa hiyo mtu akitaka kuingiza sindano pale mimi nina haki ya kuuliza maswali, na nitayauliza.

Mama ana miaka 68, yuko kwenye Medicare, ile bima ya serikali ya Marekani kwa waliofika miaka 65 na baadhi ya wenye ulemavu. Akifanya kazi mtu akalipa kodi yake miaka 10 hivi anaipata bila kulipia ile sehemu ya hospitali, sehemu ya madaktari anakatwa kila mwezi, na kwa huduma nyingi za madaktari Medicare inalipa asilimia 80 ya bei waliyoikubali na wewe unabaki na 20. Kazi yangu mimi ni bili za hospitali, nakaa nyumbani na kompyuta, nasoma alichoandika daktari nakigeuza kuwa namba ambazo bima inazielewa. Kwa hiyo nilijua kitu kimoja ambacho wagonjwa wengi hawakijui, kwamba karibu kila kitu ambacho daktari anakifanya kwa wagonjwa wa Medicare, serikali inakihesabu na kukiweka hadharani kwa jina la daktari mwenyewe, na mtu yeyote anaweza kukifungua bure bila kujisajili.

Nilipomwambia Mama kwamba usiku huo ntamwangalia daktari wake hakufurahi. "Unampeleleza daktari wa watu?" Nikamkumbusha kwamba dada yangu alipoposwa, yeye mwenyewe alituma watu watatu mpaka Muheza kuuliza yule kijana ni wa watu gani, anakunywa, ana mke mwingine, anaswali. Hakusema kitu, ila aliniachia karatasi.

Hii data haikutoka kirahisi. Mwaka 1979 chama cha madaktari wa Florida kilienda mahakamani na jaji wa shirikisho akapiga marufuku serikali kutoa malipo ya Medicare kwa jina la daktari mmoja mmoja, kwamba ni faragha yao. Marufuku ikakaa zaidi ya miaka 30. Kampuni ya Dow Jones, wenye gazeti la Wall Street Journal, wakaenda kupambana nayo, na mwaka 2013 ikaondolewa. Tarehe 9 Aprili 2014 ndo mafaili ya kwanza yakatoka, ya mwaka 2012, watoa huduma zaidi ya 880,000 na malipo ya dola kama bilioni 77. Siku hiyo magazeti yote yalikimbilia kitu kimoja, nani kalipwa hela nyingi kuliko wote. Akaonekana daktari wa macho wa Florida, Salomon Melgen, karibu dola milioni 21 kwa mwaka mmoja. Huyo baadaye alikutwa kweli na hatia ya kuidanganya Medicare, 2017, akahukumiwa miaka 17 jela, na Januari 2021 rais akamfupishia kifungo. Lakini kwenye orodha hiyohiyo, karibu na juu, kulikuwa na madaktari wengine wengi wa macho ambao hawakuiba chochote, ila dawa wanayoichoma kwenye jicho inagharimu kama dola 2,000 kwa dozi moja, wanainunua wao kwanza halafu Medicare inawarudishia, na kwenye jedwali yote inahesabika kama wamelipwa wao.

Nayasema haya kwa sababu hata mimi ninayejua, usiku ule jicho langu lilikimbilia kwanza kwenye hela. Nilimtafuta daktari wa Mama kwa namba yake, kila mtoa huduma Marekani ana namba yake ya tarakimu 10 na iko hadharani, nikaona jumla ya mwaka na moyo ukanipasuka, nikasema huyu anachuma kwenye migongo ya watu. Kisha nikatulia nikasoma safu ya pembeni, ile inayoonyesha huduma imetolewa wapi. Huyu anachomea ofisini kwake. Ukichomea ofisini Medicare inakulipa zaidi, kwa sababu humo ndani kuna mashine ya eksirei, nesi, sindano zenyewe, umeme, kila kitu ni chako. Ukichomea hospitali unalipwa kidogo, na hospitali inachukua malipo yake sehemu nyingine ambayo kwenye mstari wako haionekani kabisa. Kwa hiyo madaktari wawili wanaofanya kazi ileile kwa idadi ileile, mmoja ataonekana tajiri na mwingine ataonekana mnyenyekevu. Hela nikaiacha. Na ile safu ya bei anayodai daktari msiiangalie kabisa, hiyo ni bei ya kuandika tu, Medicare haiilipi.

Safu za maana ni mbili, idadi ya wagonjwa na idadi ya huduma, kwa kila namba ya huduma. Kwa daktari wa maumivu namba sio nyingi, ukizijua kama kumi na kitu hivi umeshamsoma. 99213 na 99214 ni mgonjwa wa zamani kukaa na daktari kuzungumza na kupimwa. 62323 na 64483 ni sindano za epidurali za kiunoni, steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, inawekwa karibu na mizizi ya mishipa ya fahamu. 64493 ni ganzi kwenye vile viungio vidogo vya nyuma ya pingili za mgongo, na 64635 ndo kuunguza. 63650 ni kuingiza nyaya za kile kifaa cha kutuliza maumivu kwa umeme karibu na uti wa mgongo. 80307 ni kupima mkojo kama kuna dawa za kulevya.

Unachotafuta ni tabia ya kazi ya mtu. Kuna daktari ambaye mistari yake ni mazungumzo mengi na sindano za hapa na pale, goti, bega, mgongo, nyonga. Kuna ambaye mazungumzo ni machache na sindano ni utitiri, na karibu zote ni za aina moja. Mtu mwenye nyundo tu, kila kitu anakiona msumari. Daktari wa Mama hakuwa hivyo, ana mazungumzo ya kutosha, epidurali kwa mgonjwa sio nyingi, ukigawanya huduma kwa wagonjwa haifiki hata 2 kwa mwaka, na kanuni za Medicare za sasa zinaruhusu mpaka vipindi 4 kwa miezi 12 kwa eneo moja la mgongo. Hapo nikampa haki yake. Mkojo anapima, lakini sio kwa kiasi cha kunishtua. Nikafungua na faili la dawa, Medicare wanalo jingine linaloonyesha daktari kaandika dawa gani mara ngapi na ni asilimia ngapi ya maagizo yake ni za jamii ya mofini, nikaona yuko chini ya wenzake wengi wa fani yake hapa Houston. Hilo lilinipa faraja kubwa, kwa sababu hofu yangu kubwa kuliko zote ilikuwa hizo dawa. Nimeona watu wazima wenye heshima zao wakiishia nazo.

Halafu kuna Open Payments, jedwali jingine la serikali, sheria ya afya ya 2010 ndo iliyoleta, kampuni za dawa na vifaa lazima zitangaze karibu kila zilichompa daktari, hata sahani ya chakula cha mchana. Kwake kulikuwa na vyakula vya mchana vingi kutoka kampuni za vifaa na malipo kidogo ya kuongea kwenye mikutano. Sikupenda, ila sikuona cha kunifanya nimtoe Mama pale.

Kilichonikamata ni ile mistari miwili, 64493 na 64635.

Nielezee vizuri maana hapa ndo kiini. Nyuma ya kila pingili ya mgongo kuna viungio viwili vidogo, kushoto na kulia, vikichakaa vinauma, na maumivu yake yanapita kwenye vijishipa vidogo vya fahamu. Picha ya MRI haiwezi kukuambia kama maumivu yako yanatoka hapo, mzee yeyote ukimpiga picha viungio vimechakaa, hata asiyeumwa. Njia ya kujua ni kumwaga ganzi kidogo sana kwenye vile vijishipa, halafu kwa masaa machache ambayo ganzi inafanya kazi unajipima, maumivu yangu yale yale ninayoyajua yameondoka au yapo? Yakiondoka ndo inafuata kuunguza, wanapitisha sindano ambayo ncha yake inapashwa moto kama nyuzi 80 kwa dakika moja hivi, kijishipa kinakufa, unapata nafuu miezi 6, mwaka, wengine zaidi, kisha kinaota tena. Kwa mtu sahihi hii kitu inasaidia kweli, sitaki mtu asome hapa akatae tiba. Ila kwa mtu ambaye maumivu yake yanatoka kwingine umeunguza mishipa yake bure na umempotezea miezi.

Na kwa sababu ganzi inaweza kumdanganya mtu, tumaini tu la kuchomwa sindano linapunguza maumivu siku hiyo, kanuni za Medicare tangu 2021 zinataka majaribio mawili, siku tofauti, na kila moja lipunguze maumivu angalau asilimia 80. Nusu haitoshi, 70 haitoshi.

Sasa kaeni na hizo namba mbili. Tuseme daktari kawapa ganzi watu 100 na akaunguza watu 95. Maana yake ni nini? Ama ana jicho la ajabu anajua kabla, ama jaribio lake halimkatai mtu. Na jaribio lisilomkataa mtu ni malipo mawili ya ziada kabla ya malipo makubwa, na sindano mbili za ziada kwa mgonjwa. Kwa daktari wa Mama wagonjwa wa mistari hii miwili walikuwa wanakaribiana sana, karibu sawa. Nikachukua madaktari wengine wa fani hiyohiyo hapa mjini, jedwali unaweza kulichuja kwa mji na kwa fani, nikawatazama mmoja mmoja mpaka saa nane usiku. Wengine walikuwa kama yeye. Lakini wengine, na sio wachache, waliounguzwa walikuwa nusu ya waliojaribiwa, au pungufu ya nusu.

Nilitaka nimpigie Mama palepale nimwambie usiende. Namshukuru Mungu sikupiga, kwa sababu asubuhi akili ilivyotulia nilianza kuona mashimo ya hesabu yangu mwenyewe, moja baada ya jingine.

La kwanza, aliyeunguzwa mwaka juzi akapata nafuu ya miezi 6 au zaidi, kijishipa kikaota tena, akirudi hahitaji majaribio upya, anaunguzwa moja kwa moja. Kwa hiyo daktari aliyekaa mji mmoja miaka 15 ana wagonjwa wa marudio kibao ambao wapo kwenye mstari wa kuunguza na hawapo kwenye mstari wa ganzi, na hao wanajaza pengo bila kosa lolote. La pili, 64493 ni namba moja kwa ganzi ya majaribio na kwa sindano ya steroidi ya tiba, bili yenyewe inatenganisha kwa alama, lakini alama hizo kwenye faili la umma hazipo. La tatu, huduma yoyote iliyotolewa kwa wagonjwa 10 au pungufu inafutwa kulinda siri za watu, kwa hiyo mstari usipoonekana sio kwamba hajafanya. La nne, faili hili ni la Medicare ile ya serikali moja kwa moja, na zaidi ya nusu ya wazee sasa hivi wako kwenye mipango ya kampuni binafsi ya Medicare Advantage, hao humo hawamo. La tano, faili lenyewe ni la miaka kama miwili nyuma. La sita manesi na wasaidizi wa daktari saa zingine kazi yao inapita kwa namba ya daktari, kwa hiyo hata mikono unayoihesabu sio lazima iwe yake.

Na kubwa kuliko zote, humo ndani hakuna safu inayosema mgonjwa alipona. Hakuna. Unaona mikono ya daktari ilifanya nini mara ngapi, lakini aliyeamka asubuhi akainama akafunga viatu vyake mwenyewe haonekani popote.

Kwa hiyo sikuwa na hukumu ila nilikuwa na swali, na lilikuwa swali zuri kuliko nilivyowahi kuwa nalo chumba cha daktari. Kwa hela yote na nyota zote za mtandaoni (ambazo nilizisoma, watu wanasifia paking na dada wa mapokezi) nisingelipata.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini nikaenda naye. Mama kavaa gauni lake la kitenge na kilemba, kwa daktari haendi hovyo. Daktari akaingia, akatusalimia vizuri, akaanza kueleza, nikamwacha amalize. Halafu nikamuuliza kwa adabu: dokta, tarehe ya kuunguza imepangwa tayari, ikitokea majaribio yamekataa inakuwaje? Akasema mapokezi wanapanga zote tatu mapema kwa sababu nafasi ni finyu na wazee wakisubiri wanateseka, jaribio likikataa tarehe inafutwa. Jibu la maana kabisa. Nikamuuliza la pili. Kwa kawaida, katika watu 10 mnaowajaribu, ni wangapi mnawafutia?

Alikaa kimya. Sio kimya cha hasira, niliona anatafuta kweli kichwani. Akasema, "Sijawahi kuhesabu." Kisha akasema, sio wengi.

Nikamwambia nimeangalia mafaili ya Medicare na inaonekana kweli sio wengi. Akanitazama, akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akacheka kidogo halafu akavuta kiti akakaa, na kuanzia pale mazungumzo yalikuwa mengine kabisa. Akasema wagonjwa wake wengi ni wa marudio, lile shimo la kwanza nililolifikiria. Ila akasema pia kitu ambacho sikukifikiria mimi wala jedwali lisingeniambia: wao wanategemea anachoandika mgonjwa kwenye karatasi ya maumivu, akiandika 80 ni 80, hawana namna ya kuingia mgongoni mwake.

Mama akachomwa ganzi yake. Dakika chache tu, karudi anatembea mwenyewe. Wakampa hiyo karatasi, kila nusu saa uandike maumivu kuanzia 0 mpaka 10, kwa masaa kadhaa, na chini kabisa uandike umepata nafuu kwa asilimia ngapi.

Jioni nilipita kuichukua. Kaijaza kwa kalamu ya bluu, mwandiko wake ule wa shule ya misheni, 2, 2, 1, 2, 2, na chini 80. Roho yangu ikafurahi, nikasema basi kumbe ni hapo. Halafu nikamwangalia. Alikuwa sakafuni, khanga mbili, miguu juu ya kochi.

"Mama, hapa umeandika mbili."

"Eeh."

"Sasa hivi ni ngapi kweli?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwanangu, yule kijana kajitahidi, kanishika mkono wakati nachomwa. Sasa nimwandikie saba nimvunje moyo?"

Nilikaa chini pale pembeni yake. Nilikuwa nimekesha na namba za mji mzima, na kumbe mzizi wa namba zote uko hapa, kwa mama mtu mzima aliyelelewa kwamba mtu akikuhudumia unashukuru, ukiulizwa hujambo unajibu sijambo hata kama unakufa, na daktari hamkatishi tamaa. Ni wangapi kwenye ule mstari wa kuunguza ni kama yeye? Wahindi, Wamexico, Wavietnamu, Wanigeria, wazee wa Houston hii waliofundishwa adabu ileile kwa lugha zao. Daktari anaona 80, kanuni inaona 80, bima inalipa, na kwenye faili anaongezeka mtu mmoja, na hakuna aliyedanganya kwa ubaya. Mi nilikuwa namtafuta mkosaji na nilimkosa, ila niliona kabisa mahali ambapo wagonjwa wanaumizwa.

Nikamweleza Mama polepole. Kwamba ile 80 sio alama za daktari kama za mtihani, ni ramani. Ukimwonyesha ramani ya uongo kwa huruma, anaenda kuchimba kisima pasipo na maji, na anayechimbwa ni wewe. Akafikiri. Akauliza, kwa hiyo nikiandika kweli hakasiriki? Nikamwambia atashukuru. Sikuwa na uhakika lakini nilisema.

Asubuhi nikapiga simu kliniki nikawaeleza ukweli wote, kwamba karatasi haikujazwa sawasawa. Nesi hakushangaa hata kidogo, kasema inatokea sana. Wakakubali arudie jaribio lile la kwanza wiki iliyofuata, na safari hii tukapanga wenyewe namna ya kupima. Sio kukaa kwenye kochi ukajiuliza unaumwaje. Nilimwambia achague vitu ambavyo vinamuumiza kila siku, akachagua vitatu: kuinama kutoa sufuria kabati la chini, kusimama kwenye sinki kuosha vyombo dakika 10, na kurukuu kwenye sala. Kabla ya kwenda kliniki akavifanya vyote nikaandika. Aliporudi na ganzi ikiwa moto, kila nusu saa tunarudia vilevile, mimi naandika, yeye haoni nilichoandika.

Sufuria ikashuka kutoka 8 mpaka 5. Sinki 7 ikawa 5, baadaye 6. Kurukuu haikubadilika kabisa, 8 asubuhi na 8 mchana. Tukapiga hesabu pamoja mezani, nafuu ya jumla haikufika hata asilimia 30. Mama akachukua kalamu mwenyewe akaandika 30 chini ya karatasi, akaitazama, akaikazia kwa wino mara ya pili.

Daktari hakukasirika. Alisoma ile karatasi yetu muda mrefu kuliko alivyosoma MRI, akamlaza tena, akambonyeza sehemu nyingine chini zaidi pale nyonga inapokutana na mgongo, Mama akaruka. Kuna kiungio kikubwa hapo, kikichakaa kinajifanya mgongo. Akafuta tarehe zilizobaki zote, mbele yetu, akamwandikia wiki 8 za mazoezi na fiziotherapisti kwanza kabla ya sindano yoyote. Nilimuuliza Mama kwenye gari kama anataka tutafute mwingine, nilikuwa na majina mawili ya wale ambao namba zao nilizipenda. Akasema hapana, nabaki na huyuhuyu. Kisa? "Kasema hajawahi kuhesabu. Angeweza kusema uongo pale."

Sasa yuko wiki ya 5 ya mazoezi. Sufuria ameihamishia kabati la juu, kurukuu ni 5, siku nyingine 4. Faili la mwaka huu litatoka baada ya miaka kama miwili na nitalifungua. Kwenye mstari wa 64493 Mama atakuwemo kwenye hesabu ya wagonjwa, mtu mmoja, huduma mbili. Kwenye 64635 hatakuwemo.